Wanafunzi hawaji konsaltesheni ya mtandaoni? Anza na tangazo lako

Nafundisha takwimu na mbinu za utafiti chuoni hapa Moshi, na kila Jumanne usiku nakaa mtandaoni kwa ajili ya wanafunzi wenye maswali. Wenzangu wananiuliza wangu huwa nawapataje, maana wao wakifungua linki wanabaki wanatazamana na sura zao wenyewe hadi muda unaisha. Haya ndiyo ninayofanya. Aliye na darasa la watu kumi na tano anaweza kuruka nusu ya maelezo haya. Nawasemea zaidi wenye madarasa ya mia na kuendelea.

Soma kwanza tangazo lako la grupu. Naamini limeandikwa hivi: "Nitakuwa mtandaoni saa kumi jioni, mwenye tatizo aje." Hapo umeshawafukuza. Nani atajitokeza mbele ya darasa zima kwamba mwenye tatizo ni yeye? Kumbuka huyu ni mtu anayekuandikia "Shikamoo Madam, samahani kwa usumbufu" hata pale ambapo wewe ndiye unayemdai kazi. Kalelewa asimsumbue mkubwa bila sababu nzito. Ukimwambia aje akiwa na shida, ataitunza mpaka ikue kiasi cha kustahili kukusumbua, na kwa kawaida inakomaa wiki ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula), wakati wewe huna tena cha kumsaidia.

Kwa hiyo mwite kwenye kazi. Tangazo langu huwa hivi: "Jumanne saa tatu usiku tunakokotoa sampuli kwa kanuni ya Yamane. Njoo na idadi ya watu wa eneo lako la utafiti na kalamu." Hapo hata anayejiona anajua anakuja, na yule aliyekwama anapata mahali pa kujificha katikati ya wenzake. Usiku mmoja kijana mwenye eneo la watu 500 alituambia sampuli yake, yaani idadi ya watu wa kuwahoji, imetoka 0.04. Nikamwomba asome hatua kwa hatua. Kwenye kiwango cha makosa alikuwa ameweka 5 badala ya 0.05, basi akaipeleka kwenye kipeo cha pili, akazidisha kwa 500, akajumlisha 1, akagawanya 500 kwa 12,501. Tukamuuliza huyo mtu mmoja asiyefika hata robo atamhoji vipi. Alicheka yeye wa kwanza. Akarudia, ikatoka 222 na ushee. Halafu kukawa kimya, nikasikia karatasi zinafunuliwa: wengine nao walikuwa wanakwenda kufuta za kwao. Kosa hilo lisingeniletea mtu hata mmoja kwa tangazo la "mwenye tatizo", kwa sababu hakuna aliyejua kwamba analo.

Kingine ni lugha, na hapa najua nitapingwa. Tunafundisha kwa Kiingereza na mtihani ni Kiingereza, sawa. Lakini mwanafunzi akishaona kwamba kuuliza swali ni mtihani wa pili wa Kiingereza, hafungui maiki. Mimi nasema mwanzoni kabisa: uliza kwa Kiswahili, uliza kwa mchanganyiko wako, nitakujibu hivyohivyo, kisha nitakuonyesha namna ya kuiandika sentensi ya mwisho kwa Kiingereza kwenye karatasi ya majibu. Anayetaka kuuliza bila kujulikana ampe CR (kiongozi wa darasa) swali lake kabla ya saa kumi na mbili jioni. Maswali ya kupitia kwa CR ndiyo huwa mazuri kuliko yote, na nayasoma ya kwanza ili walioingia wasikie kwamba swali la kawaida linapokelewa.

Saa usipange peke yako. Saa nane mchana inakufaa wewe uliye ofisini kwenye intaneti ya chuo; mwanafunzi yuko kipindini, au yuko njiani anarudi geto Rau au Kiboriloni. Usiku baada ya chakula ndio muda wao. Mwulize CR ni siku gani kuna felowshipu, usiweke Ijumaa jioni ukawakosa Wasabato, na mwezi wa Ramadhani sogeza muda mbele kidogo ili watu wamalize tarawehe. Ukishapata siku, usiibadilishe muhula mzima, na linki iwe ileile, imebandikwa juu ya grupu. Mtu akianza kutafuta linki kwenye meseji mia mbili za grupu, amekwenda huyo.

Bando. Zima kamera, na wewe ndiye uanze kuzima ya kwako, la sivyo watadhani ni utovu wa adabu kuzima za kwao. Usiwashirikishe skrini kwa kitu ambacho ungeweza kukiandika kwenye karatasi, ukakipiga picha na kukitupa kwenye grupu. Nusu saa inatosha. Zoom isiyolipiwa inakata dakika ya 40, Google Meet isiyolipiwa inakata dakika ya 60 mkiwa watatu na zaidi, lakini ukifika huko ujue umeanza kuhubiri. Umeme ukikatika, na masika hapa kwetu hukatika, tumekubaliana kwamba tunahamia kwenye meseji za sauti hapohapo, hatuahirishi.

Usihesabu watu kwa majina yaliyo kwenye skrini. Jina moja mara nyingi ni simu moja iliyoegeshwa kwenye sufuria, na nyuma yake wamo wanne wa geto moja. Nawauliza, "Hapo mko wangapi?" Ukiwajua, waambie waje hivyohivyo kwa makusudi, kundi la watu watatu au wanne kwa simu moja. Aliyekuja na rafiki zake huuliza. Aliyekuja peke yake husikiliza tu.

Jambo linalofuata tulizungumze wazi. Mwanafunzi wa kike anapoona mwalimu anasema "nipigie usiku nikuelekeze," ana sababu za kusita. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na wanafunzi wanajua kwamba mambo hayo huanza na simu za pembeni. Linki ikae kwenye grupu, kila mtu aweze kuingia muda wowote wa kikao, na swali la mtu binafsi kuhusu maksi lisubiri mchana ofisini, mlango ukiwa wazi. Usimbakize mtu mwishoni. Wazazi wao nao wakisikia utaratibu huu wanatulia.

Maksi za mahudhurio sishauri. Anayekuja kwa ajili ya maksi anaingia, anaweka simu kitandani, anakwenda kupika. Ila baada ya testi ya kwanza naita watu wote kwa makundi madogo, dakika kumi kila kundi, kupitia makosa ya testi. Hilo la lazima nalifanya mara moja tu kwa muhula, na kazi yake ni kumfundisha mtu linki inavyofunguka na kwamba Madam hang'ati.

Wakati wa fildi (mafunzo kwa vitendo) ndipo utaratibu wote huu unapolipa, maana wametawanyika: mmoja yuko halmashauri fulani Kigoma, mwingine yuko kwenye chama cha msingi cha korosho Mtwara, na hawana wa kumgeukia. Punguza iwe mara moja kila wiki mbili, waambie watume picha ya ukurasa mmoja tu wa ripoti siku moja kabla, na mkiingia anzeni na hiyo kurasa.

Na siku asipokuja mtu, usiondoke. Kaa na skripti zako usahihishe, linki ikiwa wazi. Ikifika robo saa, chagua swali moja ambalo ungeulizwa, lijibu kwa meseji ya sauti ya dakika mbili, itume kwenye grupu, kisha andika chini yake: "Bado nipo mpaka saa tatu na nusu."