Ethi katika nyumba za pwani
Katika nyumba za Tanga zilizo karibu na bahari, hewa ya chumvi hula taratibu kibano kinachoshikisha waya wa ethi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja) kwenye fimbo iliyozamishwa ardhini, hata waya ukaonekana mzima ilhali haufanyi kazi. Friji ikikupiga shoti, hata kidogo, zima swichi kuu, kisha mwite fundi mwenye leseni aje na kipimo cha ukinzani wa ardhi, kwa kuwa testa peke yake haitoshi. Usimruhusu aunganishe ethi na nyutro (waya unaorudisha umeme) ndani ya soketi (wapo wanaofanya hivyo ili kuokoa waya), maana nyutro ikikatika, bodi ya friji, yaani ganda lake la chuma, itabeba volti 230. Mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida, na ethi peke yake huenda isitoshe, hivyo funga pia swichi ya miliampea 30 inayokata umeme unaovuja.