Safari ya Gari Hadi Bonde la Spiti Wakati wa Theluji: Maandalizi na Mwendo

Barabara inayotoka Shimla, ikapita Kinnaur na kufika Kaza katika Bonde la Spiti, kaskazini mwa India, ina urefu wa zaidi ya kilomita 400. Wakati wa kiangazi dereva mwenye haraka huimaliza kwa siku mbili. Januari na Februari, bonde linapofunikwa na theluji na baridi ya usiku mjini Kaza ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, msiipangie chini ya siku kumi kwenda na kurudi, kisha ongezeni siku mbili au tatu za akiba. Nimeifanya safari hii mara mbili pamoja na wenzangu niliosoma nao chuo katika jimbo la Punjab, Watanzania kwa Wakenya, na kwa kuwa kila mwaka kuna wanafunzi wapya kutoka kwetu wanaotamani kuitumia likizo yao kuiona theluji, naandika hapa mambo ambayo ningefurahi kama tungeambiwa kabla ya kuondoka mara ya kwanza.

Njia na vibali

Kwenye ramani, njia fupi ya kufika Kaza ni ile ya Manali inayovuka Kunzum La. Neno "la" katika Kitibeti ni kipito cha mlimani, mahali pa chini kati ya vilele ambapo watu na mifugo huvukia, na kipito hiki kiko juu ya mita 4,500. Theluji kubwa ya kwanza hukifunga, kwa kawaida karibu na Novemba, na hakifunguliwi tena hadi Mei au Juni. Handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita tisa na lililofunguliwa Oktoba 2020 chini ya kipito cha Rohtang, limewafanya wengi wadhani kwamba Spiti sasa inafikika kutoka Manali mwaka mzima, lakini handaki hilo linawafikisha Lahaul tu, kwenye vijiji kama Sissu na mji wa Keylong, na kutoka hapo Kunzum bado iko mbele yenu. Kama mna siku nne na haja yenu ni kuishika theluji kwa mkono, nendeni Sissu mrudi; huo ni uamuzi mzuri kabisa.

Anayetaka Spiti yenyewe apitie Shimla. Barabara hii hufuata Mto Sutlej hadi Khab, mahali unapoungana na Mto Spiti, na kwa kuwa haivuki kipito kilicho juu kama Kunzum, Shirika la Barabara za Mpakani, BRO, huweza kuisafisha majira yote ya baridi. Hilo halina maana kwamba haifungwi. Theluji ikianguka siku mbili mfululizo, maporomoko huifunika, na zile siku za akiba ndizo zinazowazuia msilazimishe kupita. Tazameni kila jioni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya India. Wakitangaza tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu kwa Kinnaur au Lahaul na Spiti, kaeni mlipo.

Sehemu ya juu ya njia iko karibu na mpaka wa China, kwa hiyo sisi wageni tunahitaji kibali maalumu ili kupita kati ya Kinnaur ya juu na Spiti, jambo ambalo rafiki yenu Mhindi hahitaji na huenda hata halijui. Kibali hutolewa katika ofisi za serikali Shimla au Reckong Peo, kwa pasipoti, viza na picha, na ofisi hizo hufungwa Jumapili na sikukuu. Kumbukeni kwamba katika jimbo la Himachal Pradesh tarehe 25 na 26 Januari zote ni sikukuu. Sisi tulifika Reckong Peo tarehe 24 jioni, tukakaa siku mbili nzima tukiutazama mlango uliofungwa. Atakayeendesha awe na leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani. Simu za satelaiti acheni kabisa, kwani India hairuhusu kuzimiliki bila kibali cha serikali, na kuna wageni waliokamatwa kwa kubeba kifaa walichodhani ni cha usalama.

Mwinuko

Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, inayopitia kambi za Mandara na Horombo, wana kipimo tayari. Narkanda, kituo cha karibu baada ya Shimla, iko juu ya bahari karibu sawa na Mandara, mita 2,700, na Kaza iko karibu sawa na Horombo, mita 3,700. Tofauti ni kwamba mlimani miguu yako mwenyewe hukulazimisha uende polepole, ilhali gari linaweza kukufikisha Horombo kabla mwili haujajua kwamba umeondoka Mandara. Kwa hiyo ratiba ipangwe kwa mahali pa kulala, si kwa kilomita. Laleni usiku wa kwanza Narkanda au Sarahan, usiku wa pili na wa tatu Kalpa, ambayo iko chini kidogo ya mita 3,000 na inatazamana na safu ya Kinnaur Kailash. Siku ya nne piteni Nako, iliyo juu ya mita 3,600, bila kulala, mkateremke hadi Tabo, karibu mita 3,300. Huko kuna nyumba ya watawa ya Kibudha iliyojengwa kwa udongo mwaka 996, na alasiri moja ndani yake, mkiangalia michoro ya ukutani kwa tochi, si muda uliopotea. Kaza iwe siku ya tano. Vijiji vya juu zaidi, kama Hikkim na Komic, viendeeni mchana na kurudi.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo, na dawa yake ni kutopanda zaidi hadi zipoe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema sana hali amekaa tu, ateremshwe saa ile ile, hata kama ni usiku, kwa sababu ubongo au mapafu yake yanajaa maji. Dawa ya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea, lakini muulizeni daktari kabla ya safari, hasa wenye mzio wa dawa za salfa. Tatizo kubwa kati ya marafiki ni heshima: hakuna anayetaka kuwa yeye aliyewaharibia wenzake safari. Mwenzetu mmoja alificha maumivu kutoka Nako, akacheka na kupiga picha na sisi, hadi tulipomwona Tabo akishindwa kufunga kamba za viatu. Tangu siku hiyo huwa tunaulizana kwa zamu, kila asubuhi na kila jioni, na kila mmoja hujibu kwa namba ya maumivu kutoka sifuri hadi kumi, kwa kuwa ni rahisi kusema "nzima" lakini ni vigumu kidogo kusema "mbili" wakati kichwa kinapasuka.

Theluji si barafu

Kihindi cha barabarani kina neno moja, "baraf", ndugu wa barafu yetu, nalo hutumika kwa theluji inayoanguka na kwa maji yaliyoganda vilevile. Dereva anayetoka juu akikuambia kuna baraf mbele, muulize ni laini au ngumu. Theluji mpya hulia chini ya tairi kama unga wa muhogo unaofinywa mkononi, nayo huipa tairi mahali pa kushika. Ukienda polepole, utapita. Barafu haina sauti. Mchana jua huyeyusha theluji ya kando, maji huvuka lami, na jua likishaondoka huganda yakawa utando mwembamba unaoonyesha rangi ya lami iliyo chini yake, hivi kwamba macho yanaona barabara yenye unyevunyevu tu. Chini kidogo ya Narkanda, kwenye kona iliyofunikwa na kivuli cha mierezi, usukani ulimlegea ghafla dereva wetu mikononi kana kwamba umekatika, akakanyaga breki, na gari likazunguka taratibu, bila kelele yoyote, hadi ubavu wake ukaegemea tuta la theluji lililosukumwa pembeni na katapila. Upande wa pili wa barabara hapakuwa na tuta.

Mwongozo rasmi wa madereva wa Uingereza unasema kwamba kwenye barafu gari linaweza kuhitaji umbali mara kumi zaidi ili lisimame, na gari lenye kuendesha magurudumu yote manne halina nafuu hapo, kwa sababu hilo husaidia kuondoka, si kusimama. Ingieni gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, muiache injini ilishike gari, na breki iguswe kwa kidole cha mguu. Nyuma ya gari ikianza kuponyoka, ondoa mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani upande ule ule nyuma inakokwenda, kwa utulivu. Kila kona iliyo kivulini, kila daraja na kila mahali panapovuja maji pachukuliwe kuwa na barafu hadi ithibitike vingine. Endesheni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, isipokuwa eneo la Malling, karibu na Nako, ambalo ni vizuri kulipita kabla ya adhuhuri, maana jua likichoma sana, mawe yaliyoshikwa na barafu huachia na kuporomoka. Gari linalopanda lina haki ya kupita kwanza. Anayeshuka husubiri palipo na nafasi.

Minyororo ya matairi nunueni inayolingana na tairi zenu, kisha mfanye mazoezi ya kuifunga mkiwa Shimla, kwenye lami kavu, mkiwa mmevaa glavu. Hufungwa kwenye magurudumu yanayovutwa na injini, na mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Bebeni pia sepetu, kamba ya kuvutia gari na mfuko wa mchanga.

Ushauri wangu wa dhati, hata hivyo, ni mkodi gari pamoja na dereva mwenyeji wa Kinnaur au Spiti. India huendesha upande wa kushoto kama Tanzania na Kenya, na hilo hutudanganya tukajiona tuko nyumbani. Safari ya pili tulikuwa na mzee mmoja wa Kinnaur, ambaye kwenye kila kona yenye shaka alisimama, akashuka, akasugua lami kwa soli ya kiatu, kisha akaamua. Sisi tungepita tu.

Gari na chumba usiku

Dizeli ya kawaida huanza kuganda nta kwenye baridi kali, na chujio likiziba gari halitawaka. Shirika la mafuta la Indian Oil lilianzisha mwaka 2019 dizeli ya majira ya baridi inayostahimili hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Ulizeni kituoni kama ipo, na kama hamna uhakika chagueni gari la petroli. Jazeni tanki Reckong Peo, kwa kuwa kituo kinachofuata cha kutegemea kiko Kaza, kilomita 200 hivi mbele. Radieta iwe na dawa ya kuzuia kuganda kwa kiwango cha kutosha, na betri iwe mpya. Usiku liegesheni gari likiwa ndani ya gia, na jiwe nyuma ya tairi, bila kuvuta breki ya mkono, ambayo huganda na asubuhi isiachie. Waipa ziinueni zisigusane na kioo.

Nyumba za wenyeji hupashwa joto na jiko la kuni la chuma liitwalo bukhari, lenye bomba linalotoa moshi nje, na familia yote hukaa hapo pamoja na wageni, wakila thukpa, supu ya tambi, na kunywa chai. Maji ya mabomba huganda, kwa hiyo mtaletewa ndoo. Linalonitia hofu ni jiko la mkaa. Baadhi ya vyumba vya wageni njiani huleta la mkaa lililokwisha kushika moto vizuri, lisilo na moshi wala harufu, na mtu aliyezoea jiko la nyumbani haoni ubaya wake. Mkaa huo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyonusika, ambayo huua waliolala. Jiko litoke kabla ya kulala, bila kujali baridi. Laleni na chupa ya maji ya moto na mablanketi matatu. Vivyo hivyo kwa gari: mkikwama kwenye theluji na injini inawaka, fukueni kwanza bomba la moshi nyuma.

Nguo zivaliwe tabaka kwa tabaka, za sufu au sintetiki ndani, kwani pamba ikilowa jasho haikauki. Masoko ya Watibeti yanayofunguliwa majira ya baridi katika miji ya kaskazini mwa India huuza sweta nzuri kwa bei nafuu. Miwani ya jua ni lazima, maana mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho.

Makubaliano ya kurudi

Kabla ya kuondoka Shimla, kaeni pamoja mkubaliane jambo moja na kulitamka kwa sauti: yeyote akisema turudi, gari linageuzwa, na mjadala ufanyike mkishafika mahali penye joto. Safari yetu ya kwanza iliishia hivyo hivyo. Siku moja baada ya Tabo, theluji ikianguka tangu alfajiri, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, mnyamavu kuliko sote, alisema neno hilo zikiwa zimebaki kilomita 20 hivi kufika Kaza. Tuligeuza. Mwenye nyumba Tabo alikuwa bado hajazima bukhari. Barabara ilifungwa mchana ule, ikafunguliwa siku ya tatu.