Somo: Kukinga uso wa gari ya kulalia na wadudu bila gari kuchemsha

Wanajamvi, salaam. Mvua za kwanza zimeanza kugusa Masasi na Nachingwea, na swali la wadudu limerudi, hasa kwa wenye Hiace na Noah zilizowekwa kitanda na jiko ndani kwa safari za kulala njiani. Hiace ndiyo inayopigwa zaidi kwa sababu uso wake ni bapa. Gari yenye boneti ndefu upepo unapanda juu ya boneti na kuwarusha baadhi ya wadudu juu ya kioo. Hiace haina bahati hiyo: kila kinachoruka kinakutana na bati, kioo au shoo ya mbele (ile sehemu yenye matundu ya kupitisha upepo).

Kabla ya mkasi na wavu, naomba tukubaliane jambo moja. Ule uwazi wa mbele uliwekwa ili rejeta, inayopoza maji ya injini, ipate upepo. Kinga inayoinyima rejeta upepo ni mbaya kuliko wadudu wenyewe. Panzi anachafua gari, lakini gari ikichemsha porini kati ya Nangurukuru na Mchinga unaunguza gaskiti ya silinda hedi na safari inaishia hapo. Kwa hiyo kila hatua hapa chini, jiulize kwanza: upepo unapita?

Wadudu wenyewe hawafanani. Kumbikumbi hutoka jioni baada ya mvua za mwanzo na hufuata taa. Mwili wake laini, hauvunji kitu. Tabu iko kwenye mabawa. Asubuhi yake chuchumaa mbele ya rejeta na tochi. Utayaona yamelala juu ya mapezi ya rejeta (vile vibati vyembamba vilivyopangana), yamelowa, yamenata kama karatasi ya sigara, na bawa moja limefunika nafasi kadhaa kwa mpigo. Hayo ndiyo yanayopandisha mshale wa joto. Panzi na mbawakawa ni wazito, wanapinda mapezi ya alumini. Nyuki, ukipita miombo ya Nachingwea na Liwale, anaacha doa la njano ambalo jua likilipiga linakakamaa kwenye rangi.

HATUA YA 1: Tafuta upepo unapoingilia. Fungua au chungulia mbele ya gari yako, usiige ya jirani. Kuna gari zinavuta upepo mwingi kupitia shoo ya juu, nyingine kupitia uwazi wa chini kwenye bampa. Kama gari ina AC, utakuta kondensa, yaani kipozeo cha AC kinachofanana na rejeta, imekaa mbele ya rejeta. Hiyo ndiyo inaziba kwanza. Pima kwa tepu urefu na upana wa kila uwazi, ongeza sentimita 4 kila upande za kukunjia.

HATUA YA 2: Chagua wavu. Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Wavu wa alumini wa madirisha unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi unafaa, lakini kwa udogo wa matundu huo ndio mwisho, usishuke hapo. Ukipata wenye matundu ya milimita 2 hadi 3, chukua huo. Hatuzuii mbu hapa. Tunazuia panzi, nyuki, vipepeo na mabawa ya kumbikumbi. Wavu wa kuku usihangaike nao, nyuki anapita bila kugusa.

HATUA YA 3: Kata na ukunje kingo. Waya ulioachwa wazi unakwaruza rangi kila gari inapotikisika. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ipasue kwa urefu, funika ukingo wote wa wavu, kisha mpe fundi viti ashone kwa cherehani yake nzito. Fundi cherehani wa nguo mwonee huruma, sindano yake itavunjika.

HATUA YA 4: Funga mbele ya shoo, si juu ya rejeta. Wavu uliolala moja kwa moja kwenye rejeta unakuwa sehemu ya rejeta: mdudu akikwama pale, amekwama palepale ambapo hukutaka akwame. Ukiwa mbele na nafasi katikati, sehemu moja ikiziba upepo unaingilia pembeni na kusambaa. Tumia vipande vya tyubu vyenye kulabu ndogo, kama vile tunavyofunga mizigo kwenye keria. Usitoboe bati. Na usifunge kwa waya wa kusokota, kwa sababu wavu huu lazima uweze kutoka ndani ya dakika moja, ukiwa barabarani, mikono ikiwa michafu. Wavu usiotoka hausafishwi. Hakikisha pia haufuniki taa, indiketa wala namba ya gari. Trafiki atakusimamisha na atakuwa na haki.

HATUA YA 5: Jaribu kabla ya safari. Endesha kilometa 20 bila wavu, angalia mshale wa joto unatulia wapi. Funga wavu, rudia njia hiyohiyo saa ileile. Mshale ukipanda kupita pale ulipozoea, punguza eneo la wavu au tafuta wenye matundu makubwa. Jaribio la kweli ni mlima. Wa Masasi mnao wa kupanda Newala, mzigo ukiwa ndani na jua la mchana. Kama mshale umetulia huko, barabara tambarare ya kwenda Lindi haitakusumbua. Mshale ukianza kupanda, zima AC, simama, toa wavu. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, hata kama una haraka kiasi gani.

HATUA YA 6: Rangi na kioo. Kwa bati la mbele, mimi nipo upande wa nta ya kung'arishia gari kuliko turubai la kufunika. Turubai linashika mchanga, upepo unalipigapiga, na mchanga unasugua rangi njia nzima. Ukisafisha bati vizuri na kulipaka nta kabla ya safari, mdudu anatoka kwa kitambaa kilicholowa. Kioo kinataka maji yenye sabuni kidogo kwenye tanki la waipa. Usiwashe waipa kwenye kioo kikavu chenye wadudu, inapaka badala ya kufuta, na usiku taa ya gari inayokuja itakufumba macho.

HATUA YA 7: Safisha ukifika, usisubiri kesho kutwa. Masalia ya wadudu yana asidi, na jua letu linayaokea kwenye rangi. Lowesha kitambaa, kitandike juu ya madoa dakika 10, ndipo ufute. Sitili waya marufuku. Wavu utoe, ugeuze, uumwagie maji kwa nyuma. Rejeta iache ipoe, kisha mwagia maji ya kawaida kutoka upande wa injini kuja nje, ili wadudu watoke walikoingilia. Mashine ya kuoshea magari isielekezwe kwenye mapezi kwa karibu, inayalaza.

Kasi nayo ni kinga, na haina gharama. Kutoka kilometa 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ya kugongana na panzi inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Na jioni ya kumbikumbi, kama unaweza kulala Kilwa au Lindi mjini na kuondoka alfajiri, lala. Gari ina kitanda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tandahimba: Mkuu, asante kwa somo. Nina chandarua kipya, siwezi kukikata nikatumia hicho?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Uzi wake ukilowa unanata, upepo haupiti. Na hata kingefaa, nisingekushauri. Malaria huku kwetu bado ni nzito, na chandarua cha kliniki ni cha mama na mtoto. Wavu wa dirisha hauna gharama ya kukufanya uguse kitanda cha watoto.

Mwanachama, Mtwara mjini: Kuna mzee kaniambia nipake mafuta ya nazi mbele wadudu wasigande. Mwingine anasema mafuta ya maganda ya korosho ndiyo kiboko.

Jibu: Ya nazi yanashika vumbi, ukifika una tope la mafuta na wadudu ndani yake. Ya maganda ya korosho yaache kabisa. Wanaobangua korosho wanajua yanavyobabua ngozi ya vidole, na kwenye rangi nyeupe utabaki na doa jeusi. Paka nta. Na kwa kuwa umetaja korosho: msimu wa kupuliza salfa, vumbi lile linakaa kwenye wavu na kwenye bati. Limwagie maji kwanza, usilifute likavu, linakwaruza.

Mwanachama, Liwale: Shida yangu si panzi, ni mbung'o. Wanaifuata gari hata ikitembea. Huu wavu utasaidia?

Jibu: Hautasaidia, mkuu. Mbung'o anavutwa na kitu kikubwa kinachotembea, na anapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Kwako wewe kila kifuniko cha nje kiwe cha rangi ya mchanga au kijivu, na lile turubai la bluu la kufunikia mizigo libadilishe. Funga vioo ukipita maeneo yao, na ukisimama subiri kidogo kabla ya kufungua milango, wengi huwa bado wako ubavuni mwa gari.

Mwanachama, Mikindani: Shikamoo mzee. Nina Noah, nimefunga wavu wiki iliyopita. AC inapoza nikiwa mwendoni, nikisimama sokoni inatoa hewa ya moto. Ni wavu au gari inaumwa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Toa wavu, simama palepale sokoni na ujaribu tena. Ikipoza, wavu wako una matundu madogo mno au umechafuka. Isipopoza, washa AC injini ikiwa inaunguruma, nenda mbele usikilize feni ya kondensa kama inazunguka, bila kuingiza mkono. Ikiwa kimya, mpelekee fundi umeme wa magari. Ikizunguka, angalia kondensa kwa tochi. Mara nyingi utakuta wadudu wa tangu mwaka jana, waliokaa humo kabla hujafunga wavu wowote. Osha hiyo kwanza, ndipo urudishe wavu.