Muulize mlio kwanza: namna ya kukusanya kumbukumbu za ndege za kijeshi kwa wazee wetu

Ukitaka kuiharibu kumbukumbu ya mzee kuhusu ndege ya kijeshi, anza kwa kumuuliza ilikuwa ndege gani. Atakujibu: Migi (MiG, jeti ya kivita ya Kisovieti). Huku Moshi na Hai, karibu kila aliyekuwa ameshajitambua wakati wa Vita vya Kagera atakujibu Migi, hata kama alichokiona kilikuwa na pangaboi mbili na kimebeba magunia. Jina hilo lilikuwa mdomoni mwa watu wote mwaka 1978 na 1979, likameza mengine. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: mlio kwanza, mahali pili, jina mwisho kabisa.

Mimi ni fundi redio, Bomang'ombe. Kazi yangu ni kusikiliza kinacholia vibaya, na ndege za KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, zinanikatiza maneno na wateja kila siku. Wateja wenyewe wengi ni wazee (vijana hawatengenezi redio, wananunua simu nyingine), na mzee anayesubiri redio yake hana haraka. Ndiko nilikoanzia kukusanya. Naeleza hapa ninavyofanya ili na wewe wa Kibosho, Usa River au Himo uanze na babu yako mwenyewe.

Kabla hujaenda

Chukua daftari lenye jalada gumu, kalamu mbili, na simu ya kurekodi sauti. Nenda asubuhi baada ya chai. Ukimkuta kwenye mbege jioni, mwamkie, kaa, kunywa kama unakunywa, ila daftari libaki mfukoni. Kwenye mbege kila ndege huongezeka mabomu.

Mwambie wazi unataka nini na utaandika wapi. Omba ruhusa ya kurekodi, na akikataa usiirekodi kwa siri. Andika kwa mkono. Halafu kuna mjukuu. Mjukuu ameshaangalia video za ndege kwenye simu, na kabla babu hajafika katikati ya sentensi atadakia "hiyo ni Mig-21 hiyo." Mpeleke dukani akanunue sukari.

Maswali ya sikio

Swali langu la kwanza siku zote ni hili: ulianza kuisikia au kuiona? Linaonekana dogo, lakini linatenganisha mengi. Nilikuwa nimekaa na mzee mmoja wa Pasua, mgambo wa zamani aliyefika Kagera. Nikamuuliza hivyo. Akaweka kikombe chini, akanyanyua kiganja usawa wa kifua na kukipitisha mbele yangu, mara moja, bila kutoa sauti.

"Kuiona," akasema. "Ilishapita ndipo mlio ukaja. Tukalala chini wakati yenyewe haipo tena."

"Na kabla ya hapo mzee, hakuna kitu?"

"Hakuna. Ndege wa porini walikuwa wanaendelea kulia."

Hapo una ndege ya jeti iliyokuja chini na kwa kasi, bila yeye kutaja jina. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ndege inayokimbia mita 250 kwa sekunde inakuwa imeufukuzia mlio wake kwa nyuma kidogo tu, na kelele kubwa ya jeti hutokea upande wa mkia. Ikiwa chini ya miti na vilima, anayengoja mbele hapati onyo. Angeniambia "tuliisikia muda mrefu, tukatoka nje kuitafuta," ningeandika kinyume chake: ndege ya mwendo wa taratibu, au ya juu sana.

Swali la pili: nitolee mlio wake kwa mdomo. Wazee wa kiume wataona haya, bibi zako hawataona haya hata kidogo. Usimsaidie. Rekodi. Sikiliza kama ni mvumo wa noti moja unaoendelea, kama unapanda na kushuka kwa mawimbi, kama unapasua, au kama unapiga tapu-tapu-tapu. Tapu-tapu ni helikopta, na helikopta yenye mapanga mawili makubwa, kama Bell 205, mapigo yake karibu unaweza kuyahesabu. Mvumo wa mawimbi ni ndege ya pangaboi zaidi ya moja ambazo hazijalingana sawasawa. Mpasuko usio na noti ni jeti.

Kuna tofauti nyingine ambayo wazee huisema vizuri kuliko vitabu. Miaka ya 70 jeshi letu lilipata kutoka Kanada ndege za mizigo aina ya Caribou, na mwishoni mwa miaka hiyo zikaja Buffalo. Zote zina bawa juu na injini mbili za pangaboi, lakini Caribou ni ya pistoni kama injini ya gari, na Buffalo ni ya tabo, yaani injini ya namna ya jeti inayozungusha pangaboi. Mtu asiyejua majina hayo atakwambia moja "ilikuwa inakohoa kama lori" na nyingine "ilikuwa na filimbi ndani yake." Andika kohozi na filimbi kama alivyosema. Ukiandika "Buffalo" wewe, umeshamwekea maneno mdomoni.

Jaribio la spika

Hili ni la kwangu la kifundi, na linafaa kwa kesi moja tu: mtu aliyeisikia ndege ya pangaboi ikiwa chini, imesimama, inapasha injini kwa nguvu. Kuna waliochunga ng'ombe kandokando ya KIA, kuna waliobeba mizigo. Hao ndio wako.

Chukua Hercules C-130, ndege ya mizigo ya injini nne inayotumiwa na majeshi mengi duniani. Ikiwa kazini, pangaboi zake huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani 17 kwa sekunde, na rubani akitaka nguvu zaidi anabadilisha pembe ya mapanga, si kasi ya kuzunguka. Hercules za zamani zina mapanga manne kwa kila pangaboi: 17 mara 4 ni 68, huo ndio mvumo wake, hezi 68. Aina mpya, C-130J, ina mapanga sita: hezi 102. Sasa umeme wa TANESCO ni hezi 50, na redio ya umeme yenye kapasita iliyochoka huvuma hezi 100. Kwa hiyo Hercules mpya inavuma karibu sawa kabisa na redio mbovu iliyoko mezani kwangu. Siku nilipopiga hesabu hiyo nilicheka peke yangu dukani.

Pakua kwenye simu programu ya kutoa noti, unganisha na spika kubwa au sabufa. Usitumie spika ya simu: noti ya 68 haiwezi, utasikia mkwaruzo tu na mzee atakwambia ndege yake haikuwa mbu. Mpigie 68, mpigie 102, na katikati yake weka 85 ya mtego. Usimwambie ipi ni ipi. Akichagua ileile mara mbili ukiwa umezibadilishia zamu, andika. Akichagua tofauti, andika pia. Kwa ndege iliyokuwa angani usifanye jaribio hili kabisa, kwa sababu noti hupanda inapokujia na hushuka inapokupa kisogo.

Mahali

Huku kwetu mahali ni rahisi kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa sababu ya mlima. Usiulize kaskazini wala kusini. Uliza: ulikuwa umesimama wapi, Kibo iko mkono gani, ndege ikatokea Kibo au ikatokea Mererani, ikaendea wapi? Kama anaweza kutembea, nenda naye pale pale. Mtu akisimama kwenye kihamba chake mkono wake huelekea wenyewe.

Kumbuka mambo mawili unapopima alichosema. Ndege iliyo mbali kilomita 10 mlio wake hukufikia baada ya nusu dakika, na kwa muda huo jeti imeshasogea kilomita 7 hivi. Anayesema "mlio ulitoka kule lakini ndege ilikuwa huku" hajachanganyikiwa, amesema kweli tupu. Pili, usiku wa baridi, Juni na Julai, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na mlio badala ya kupotea juu huinama na kurudi ardhini. Ndege inayopasha injini tambarare husikika mbali kuliko mchana. Kwa hiyo "ilipita juu ya nyumba usiku" ya mwezi wa saba iwekee alama ya kuuliza, hasa kama hakutoka nje kuiona.

Mwaka

Wazee hawakumbuki miaka, wanakumbuka kilichokuwa kinaendelea. Tafuta misumari ya kutundikia. KIA ulifunguliwa 1971: jeti ikitua hapo kabla ya mwaka huo, kuna kitu hakijakaa sawa. Ndege kubwa za kijivu zilizotangulia mgeni mkubwa? Clinton alikuja Arusha tarehe 28 Agosti 2000, kwenye kutia saini mkataba wa amani ya Burundi, Mandela akiwa msuluhishi. Bush alikuja Februari 2008. Rais wa Marekani hatembei na ndege moja. Magari ya msafara wake hubebwa na ndege za mizigo za jeshi lao. Muulize: kahawa ilikuwa imeshachumwa? Kama ndiyo kwanza inachumwa, Agosti inaingia akilini, Februari haiingii.

Alichokisikia na alichosimuliwa

Hapa ndipo wakusanyaji wengi wanapofagia kila kitu kapu moja. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa na ndege za BE2c huko Mbuyuni, upande wa Taveta, na mwezi Machi mwaka huo waliingia Moshi. Simulizi zake zipo vijijini, lakini hakuna aliye hai aliyezisikia. Vilevile mtoto wa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) anaweza kukueleza Dakota, ndege za pangaboi mbili, zilivyowaangushia chakula Burma mwaka 1944, kwa ufundi mpaka ukaona mwavuli unashuka. Ni mali ya baba yake. Chora mstari pembeni ya daftari na uandike "amesimuliwa."

Na si kila Dakota ni ya jeshi. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilizitumia kwa abiria miaka mingi, na moja iligonga Mawenzi tarehe 18 Mei 1955, watu 20 wakafa. Mtu wa Rombo au Marangu akikwambia "ndege ya vita iliyoanguka mlimani," muulize taratibu kama ni hiyo.

Yaliyoandikwa nayo yana kazi yake. Wengi watakwambia daraja la Kyaka lilivunjwa na Migi za Amini. Ndege zililirushia mabomu kweli, Novemba 1978, zikakosa. Lililolivunja ni baruti zilizotegwa. Aliyesikia ndege na mlipuko kwa siku zilizokaribiana ameviunganisha, na wewe usimkatalie mbele ya wajukuu. Andika alivyosema, chini yake andika ya vitabuni. Kuna upande wa pili pia: watu wa Mwanza waliohamia huku wakisimulia kwamba bomu la Walibya liliua wanyama, usidhani ni porojo. Machi 1979 ndege moja ya mabomu, Tu-22, ya Libya iliyokuwa ikimsaidia Amini, ililenga matangi ya mafuta Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Anaponyamaza

Wapo wasiotaka kusema, na wapo wanaoanza vizuri kisha mkono unaanza kutetemeka. Funga daftari. Zungumzeni ndizi, mvua, mpira. Usirudi na swali lilelile kesho yake, akitaka atakuita. Usiulize kabisa mambo ya leo ya jeshi, vikosi viko wapi na vina nini. Kupiga picha kambi za jeshi hapa nchini ni kosa, na ndege ya jeshi iliyosimama uwanjani usiielekezee simu hata kama umeipenda namna gani. Monduli na Duluti kuna vyuo vya jeshi; usiende kuzubaa getini na daftari la ndege. Mweleze mwenyekiti wa mtaa unachofanya kabla hajaelezwa na mwingine.

Kuandika

Kila kumbukumbu ukurasa wake. Mfano wangu wa yule mzee wa Pasua uko hivi: "Aliona kabla ya kusikia. Ilikuwa chini, mara moja, haikurudi. Mlio: mpasuko, hakuna noti. Ndege wa porini hawakunyamaza kabla. Alikuwa Kagera, mvua za vuli. Jina alilotoa mwenyewe, mwishoni: Migi. Mimi nakubali jeti, aina sijui." Usijaze pengo kwa sababu tu linakukera.

Ukimaliza, rudi umsomee kwa sauti. Akisahihisha usifute, piga mstari mmoja juu ya la zamani, andika jipya na tarehe. Kaka yake akija na habari tofauti, mpe ukurasa wake naye. Nakala moja ya karatasi ibaki kwa mzee, kwa herufi kubwa, na sauti iweke kwenye memori kadi mbili zilizo nyumba mbili tofauti. Simu huibiwa stendi.