Jinsi ya kubandua prosesa iliyogandamana na kipoza joto bila kuharibu pini

Mwongozo huu unawahusu hasa wenye kompyuta za AMD zenye soketi ya AM4 (soketi ni kitako ambamo prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, huchomekwa), ile iliyobeba prosesa za Ryzen tangu mwaka 2017. Katika soketi hiyo pini zimo kwenye prosesa yenyewe, 1331 kwa jumla, na wenzo mdogo wa pembeni unapolazwa, kinachoizuia prosesa isitoke ni msuguano wa pini hizo peke yake. Hakuna fremu ya chuma inayoikandamiza kutoka juu. Kwa hiyo pesti ya joto, ule uji mzito unaopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto, ikishakauka na kuwa ngumu, fundi anayenyanyua kwa nguvu kipoza joto, yaani kifaa cha chuma kinachoipoza prosesa, hujikuta ameinua na prosesa, ilhali wenzo bado umefungwa. Katika AM5, iliyotoka mwaka 2022, na katika soketi za kisasa za Intel, pini zimehamishiwa kwenye soketi na fremu ya chuma huibana prosesa, hivyo tatizo hili hutokea kwa nadra sana.

Kila ninapomsaidia mtu katika kazi hii huanza kwa kumweleza jambo moja: pesti iliyokauka hupinga sana kuvutwa wima, kwa sababu hewa haipati njia ya kuingia kati ya nyuso mbili zilizogandamana, lakini haina nguvu kubwa ya kupinga kuteleza. Tunachotafuta basi ni kuzungusha na kutelezesha, wala si kuvuta.

Hatua ya kwanza: ikiwa kipoza bado kimefungwa

Washa kompyuta na uipe kazi nzito kwa dakika 10 hadi 15 ili pesti ilainike. Kisha izime, chomoa waya wa umeme, chomoa waya wa feni na ufungue skrubu au klipu. Shika kipoza kwa mikono miwili na ukizungushe kidogo sana kushoto na kulia, ukirudia taratibu mpaka uhisi kimelegea, ndipo unyanyue. Ukiwahi kufanya hivi kabla bamba la kipoza linaloigusa prosesa halijapoa, huenda usihitaji hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: ikiwa prosesa imeshatoka pamoja na kipoza

Usijaribu kuirudisha kwenye soketi ikiwa bado imegandamana, kwani kipoza kitakuzuia kuufikia wenzo. Gusa chuma cha kasha la kompyuta ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha laza kipoza juu ya taulo nene, pini zikitazama juu. Kuanzia hapa kitu chochote kisizidondokee wala kuzigusa pini.

Hatua ya tatu: kutenganisha

Hapa ndipo prosesa nyingi huharibiwa. Kabla ya kugusa chochote, itazame prosesa kwa ubavu. Utaona bamba la kipoza, kisha mstari mwembamba wa pesti, kisha kifuniko cha chuma cha prosesa, na baada yake ubao mwembamba wenye pini. Mstari wa kufanyia kazi ni ule ulio kati ya bamba la kipoza na kifuniko cha chuma. Kuna mwanya mwingine kati ya kifuniko na ubao, nao huwavutia watu kwa kuwa unaonekana wazi zaidi. Ukipitisha kitu humo utang'oa vijenzi vidogo au kukibandua kifuniko chenyewe, na prosesa haitafaa tena. Tafadhali hakikisha mara mbili ni mwanya upi unaoushughulikia.

Anza na joto. Ondoa feni ikiwa inatoka, kisha tumia mashine ya kawaida ya kukaushia nywele na upashe moto mapezi na bamba la kipoza kutoka pembeni, bila kuelekeza hewa kwenye pini, mpaka chuma kiwe cha moto lakini bado unaweza kukishika. Siikubali kabisa mashine ya hewa moto ya kulehemu, kwa sababu joto lake huweza kuyeyusha lehemu iliyounganisha vijenzi. Chuma kikishapata moto, shika kingo za kifuniko kwa vidole viwili vya kila mkono, bila kugusa pini, na uizungushe prosesa kwa nguvu ndogo lakini ya kudumu. Ikikataa, pasha moto tena, usiongeze nguvu.

Ikiendelea kukataa, tumia uzi wa kusafishia meno au mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Uingize kwenye kona moja ya mstari wa pesti, uukaze kwa mikono yote miwili, kisha uuvute huku na huku kama msumeno ukielekea kona ya pili. Naupendelea uzi kuliko kadi ya plastiki, na bisibisi siiruhusu karibu na prosesa, kwani ncha yake huchimba chuma na hutumia ubao dhaifu kama egemeo.

Spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi husaidia pia: dondosha kidogo kwenye kingo, subiri iingie, kisha rudia kuzungusha. Spiriti hiyo hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo usiitumie kabla chuma hakijapoa, na baada ya kuitia usiwashe tena mashine ya kukaushia nywele. Wapo wanaoshauri kuweka kila kitu kwenye friza. Mimi sishauri, kwa sababu unyevu hutanda juu ya pini na saketi mara kinapotolewa.

Hatua ya nne: kukagua pini

Zitazame pini kwa mshazari chini ya mwanga mkali, safu baada ya safu, katika pande zote mbili. Iliyopinda inyooshwe kwa ncha ya penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5 iliyotolewa risasi yake: ivike juu ya pini na uisukume kidogo kidogo, kwa kuwa pini inayopindwa mara nyingi huvunjika. Kagua na matundu ya soketi usije ukakuta kipande kimebaki ndani.

Hatua ya tano: kurudisha

Futa pesti ya zamani kwa spiriti. Inua wenzo, linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, na uiache prosesa izame yenyewe bila kusukumwa. Laza wenzo, weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere, funga kipoza kwa usawa na uchomeke waya wa feni. Washa kompyuta, ingia kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta, uangalie joto la prosesa. Likipanda kwa kasi kupita nyuzi 80, zima kompyuta na ukifunge kipoza upya.