Gia nzito kwenye gari la otomatiki: 2, L, S, B na kitufe cha O/D

Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inashuka karibu mita 1,000 ndani ya kilomita thelathini na kidogo, nyingi zikiwa kona. Toyota IST yenye watu wanne ina uzito wa takriban tani moja na robo. Nguvu inayotokana na uzito huo kushuka kimo hicho, kwa hesabu, inatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Upepo na matairi vinakula sehemu yake. Kinachobaki lazima kiende kwenye breki au kwenye injini, na anayeamua ni dereva, kwa mkono wa gia.

Wengi wanaoendesha otomatiki hawajawahi kuugusa mkono huo ukishafika D. Mjini hilo halina madhara. Kwenye mteremko mrefu ndiko breki zinakofeli, na mara nyingi mbovu si breki zenyewe: zimebebeshwa kazi ambayo gia ingeifanya bila kuchoka.

Jua kwanza gari lako lina nini

Giaboksi ya kawaida ya gia nne, kama ya IST za 2002 hadi 2007 na Corolla nyingi za zamani, ina P, R, N, D, 2 na L, pamoja na kitufe kidogo cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa, hapa namba 4) pembeni mwa mkono wa gia. Namba 1 ina uwiano wa takriban 2.85, namba 2 ni 1.55, namba 3 ni 1.00 na namba 4 ni 0.70. Maana yake ni hii: ukiwa namba 4 na mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) uko 1,600, kwa mwendo uleule namba 3 itaupandisha hadi karibu 2,300, na namba 2 itaupitisha 3,500. Injini inayozungushwa kwa kasi bila kupewa mafuta ndiyo inayolishika gari, kwa sababu pistoni zinahangaika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa. RPM zikiwa juu, inashika zaidi.

Ukibonyeza O/D, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gari halivuki namba 3. Ukivuta kwenda 2, halivuki namba 2. Ukiweka L, linabaki namba 1. Kwenye baadhi ya magari nafasi ya 2 huondokea namba 1 kisha kuhamia 2, mengine huondoka na namba 2 moja kwa moja. Kitabu cha gari kitakuambia lako ni lipi.

Magari ya CVT, kama Vitz na Fielder nyingi, hayana gia za kuhesabu. Yana mkanda wa chuma unaopita kwenye puli mbili zinazobadilika upana. Humo utakuta D, S na B. S inapandisha RPM kiasi. B inazipandisha sana na ndiyo inayoshika kwa nguvu. Honda nyingi zina L inayofanya kazi hiyo ya B.

Magari ya haibridi, kama Prius na Aqua, nayo yana B, ila kazi yake ni tofauti kidogo. Kwa kawaida ukiachia mafuta, mota inageuza mwendo kuwa umeme na kuuweka kwenye betri. Kwenye mteremko mrefu betri inajaa, na hapo mota haina tena pa kupeleka umeme. B inaizungusha injini ya petroli ili nguvu ya ziada iishie huko. Kuendesha na B siku nzima mjini ni kupoteza umeme ambao ungeingia kwenye betri, kwa hiyo iache kwa ajili ya milima.

Yenye alama za + na − ni rahisi zaidi, lakini yana mitego miwili. Kwenye Toyota kama Mark X, nafasi ya S inaonyesha namba ambayo ni kikomo tu: ukiona 4, giaboksi iko huru kutumia gia ya 1 hadi ya 4. Pia upande wa kusukuma haufanani kila gari. Kwenye Toyota na Subaru unasukuma mbele kuongeza gia, ilhali kwenye Mazda kusukuma mbele ni kupunguza. Ukihama gari moja kwenda jingine, lijaribu kwenye tambarare kabla hujafika mlimani.

Kushuka

Gia nzito, yaani ya namba ndogo, huchaguliwa ukiwa bado juu, kabla ya mteremko. Ukiwa tayari umeshaanza kuvutwa, utalazimika kutumia breki nyingi ndipo uweze kuiingiza, na joto ulilotaka kulikwepa utakuwa umeshalitengeneza. Fanya hivi kwenye gari lenye D, 2 na L:

1. Ukiwa bado tambarare, kanyaga breki hadi ufikie mwendo unaoutaka kwenye kona ya kwanza. Usitegemee gia ifanye kazi hiyo.
2. Ondoa mguu kabisa kwenye mafuta.
3. Bonyeza O/D kama mwendo uko chini ya 100. Ngoja sekunde moja au mbili. Mshale wa RPM utapanda na utasikia gari likishikwa.
4. Kama bado mwendo unaongezeka wenyewe, shusha kwa breki hadi 60 au chini ya hapo, kisha vuta kwenda 2.
5. L ni ya chini ya kilomita 30 kwa saa. Ndiyo gia ya kushukia Kitonga kutoka Iringa kuelekea Morogoro ukiwa nyuma ya lori linalotambaa, au Mai Mahiu, Kenya, kwenye foleni ya malori.

Kwenye CVT usiruke kutoka D hadi B ukiwa 80. Pita S kwanza, mwendo ushuke, ndipo uende B.

Gia uliyochagua ina kipimo chake. Ukijikuta unakanyaga breki kila baada ya sekunde chache, bado ni nyepesi. Ukilazimika kukanyaga mafuta ili gari liendelee kushuka, ni nzito mno. Ikikaa sawa, gari linashuka kwa mwendo wake, na breki inabaki kwa ajili ya kona na kwa ajili ya mwenye bodaboda anayekatiza.

Namna ya kukanyaga breki nayo ina umuhimu. Usiweke mguu juu yake kwa kuigusagusa kilomita nzima, maana pedi hazipati nafasi ya kupoa. Kanyaga kwa uthabiti, punguza kama kilomita 10 kwa saa, achia kabisa, acha mwendo urudi taratibu, kisha rudia. Kumbuka pia kuwa gia inapopunguza mwendo, taa za breki haziwaki. Ukiona gari limekubana nyuma, gusa breki kidogo ili dereva wake aone.

Sauti itabadilika, na hapa ndipo wengi huogopa na kurudisha D. RPM 3,000 hadi 4,000 kwenye injini nzima ya petroli haziiumizi. Ndiyo kazi iliyoundiwa, na pistoni hazina mzigo mkubwa kwa kuwa hakuna mafuta yanayoungua. Mpaka ni mstari mwekundu kwenye saa ya RPM. Injini ikikimbizwa na mafuta, kompyuta inaweza kuyakata ili isivuke mstari huo. Ikikimbizwa na matairi kutokea chini, kompyuta haina cha kukata. Giaboksi nyingi za kielektroniki hukataa kushuka gia hadi mwendo upungue, lakini usifanye ukataaji huo kuwa ndio mpango wako.

Unaporudisha kutoka 2 kwenda D, usibonyeze kile kitufe kikubwa cha kufungulia gia. Usipokibonyeza, kosa kubwa unaloweza kufanya ni kupitiliza hadi N. Ukikibonyeza, umejifungulia njia hadi R.

Kushusha kwa niutro

Tabia hii ya kushuka mlima gari likiwa N inaendelea kwa sababu watu wanaamini inaokoa mafuta. Kwenye injini za sindano za kielektroniki, yaani karibu magari yote ya miaka ya 2000 na kuendelea, kompyuta inakata mafuta kabisa ukiachia kanyagio huku gari likiwa kwenye gia na RPM zikiwa juu ya sailensa, yaani mzunguko wa injini inayounguruma bila kukanyagiwa mafuta. Ukiweka N, injini haizungushwi tena na matairi, kwa hiyo inabidi ilishwe mafuta ili isizime. N inakula zaidi ya gia. Juu ya hayo umepoteza kitu pekee kilichokuwa kinaisaidia breki, na kurudisha D katikati ya mteremko kunazigonga klachi za ndani ya giaboksi kwa tofauti kubwa ya mizunguko.

Kuzima injini kabisa ni hatari zaidi. Usukani unakuwa mzito, na baada ya kukanyaga mara chache tu breki inakuwa ngumu kwa sababu nyongeza yake inategemea injini inayozunguka. Funguo ukiuzungusha hadi mwisho, usukani unaweza kujifunga.

Kupanda

Hapa tatizo ni giaboksi kusitasita. Noah yenye abiria saba ikipanda na D itaingia 4, itashindwa, itarudi 3, itapata nguvu, itaingia 4 tena. Kila badiliko linazalisha joto kwenye oili ya giaboksi, na joto ndilo linaloua giaboksi za otomatiki kuliko kitu kingine. Bonyeza O/D, itulie namba 3. Mlima ukiwa mkali na mwendo uko chini ya 50, weka 2. Kwenye CVT tumia S. Kama gari linazidi kupoteza nguvu huku RPM zikipanda, au taa ya joto imewaka, tafuta pa kuegesha na uache injini iungurume kwenye P mpaka joto lishuke.

Ukishafika juu, rudisha. Kusahau O/D OFF kutoka Chalinze hadi Dar ni mafuta yaliyopotea bure, na kusahau 2 ni injini inayopiga kelele na oili inayochemka.

Taa ya O/D OFF ikianza kuwaka na kuzima yenyewe kwenye Toyota, hiyo si kitufe. Giaboksi imehifadhi hitilafu na inahitaji kupimwa kwa mashine.

Tope na utelezi

Kuondoka kwenye tope, nafasi ya 2 (kwa gari linaloondoka na namba 2 moja kwa moja) au mguu mwepesi sana kwenye mafuta hufaa kuliko L, kwa sababu namba 1 inatoa nguvu nyingi mno kwenye tairi na inazunguka papo hapo. Kushuka njia ya udongo iliyonyeshewa kunataka tahadhari nyingine. Ukivuta L kwa ghafla, matairi yanayovutwa na injini yanapungua mzunguko kuliko mwendo wa gari, na ABS, mfumo unaozuia breki kufunga matairi, haiwezi kuachia gia. Gari la kuvuta mbele litakataa kufuata usukani. Mark X au Crown, zinazosukuma nyuma, zitageuza mkia. Ingiza gia nzito mapema, mwendo ukiwa mdogo kabisa, na uibakize hiyohiyo hadi chini.

Breki zikianza kuchoka

Dalili ya kwanza ni harufu kali ya kuungua. Ya pili ni kanyagio linalobaki gumu lakini gari halisimami: pedi zimepata joto hadi zinateleza. Ya tatu ni mbaya zaidi, kanyagio linakuwa laini na kuzama, maana mafuta ya breki yamechemka na sasa unagandamiza mvuke.

Kwenye dalili ya kwanza egesha mahali pa usalama, weka P, zuia tairi kwa jiwe, na subiri angalau nusu saa. Usimwage maji kwenye diski iliyo moto; itapinda au kupasuka. Kanyagio likizama ukiwa bado unashuka, lipampu haraka, shuka kwenda 2 kisha L kadiri mwendo unavyokubali, vuta handibreki kidogo kidogo huku ukishika usukani, na tafuta upande wa mlima.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 3 (daraja la mafuta hayo, limeandikwa kwenye chupa) mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu kikomo chake ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yabadilishe kila miaka miwili hata kama kopo bado limejaa, na fundi atoe hewa kwenye magurudumu yote manne. Kwa giaboksi, soma aina ya oili kwenye kijiti cha kupimia au kwenye kitabu: oili ya otomatiki ya kawaida ikiingia kwenye CVT, mkanda unaanza kuteleza kwenye puli, na milimani ndiko utakapougundua kwanza.