Mahindi na Soya kwa Saileji: Ya Kupanga Kabla Mvua Haijashuka

Mkulima wa Bahati au Rongai, huku Nakuru, anayetaka kuchanganya mahindi na soya kwa lishe ya ng'ombe swali lake la kwanza huwa nafasi za mistari. Mimi ningemrudisha kwenye kalenda. Saileji, yaani lishe mbichi iliyokatwakatwa na kuchachushwa shimoni bila hewa, ikiwa ya mchanganyiko hukatwa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mimea yote miwili lazima ifike pamoja: mahindi punje zikiwa nusu maziwa nusu wanga, soya maganda yakiwa yamejaa na bado kijani. H614, mbegu ya mahindi iliyo kipenzi cha wengi huku, huchukua miezi 6 hadi 8 kukomaa. Hata ukiikata mbichi, soya ya miezi 4 itakuwa imeshapukutisha majani, na majani ni sehemu kubwa ya protini uliyoifuata. Afadhali mahindi ya muda wa kati kama H513, pamoja na soya kama SB19. Kwa wa Molo na Mau Narok, baridi ya kule huichelewesha soya mno, nisingejisumbua.

Faida yenyewe usiikuze. Saileji ya mahindi matupu ina protini kama asilimia 8, na ng'ombe mwenye maziwa mengi anahitaji karibu mara mbili ya hiyo. Soya hupunguza pengo. Gunia la dairy meal, chakula cha nyongeza cha dukani, bado utalinunua, ila litakaa zaidi.

Jambo linaloangusha wengi ni dawa ya magugu. Dawa yoyote ya mahindi yenye atrazini huiua soya, na mabaki yake hukaa udongoni, kwa hiyo kumbuka pia ulichonyunyizia msimu uliopita. Soma kibandiko, usitosheke na neno la muuzaji. Kama huna dawa inayofaa mimea yote miwili, basi ni jembe, na vibarua wa palizi watafutwe mapema, maana mvua ikishika kila mtu anawataka.

Mbegu ya soya inahitaji bakteria wake wa mizizi, wanaoipatia naitrojeni kutoka hewani, hasa shamba ambalo halijawahi kupandwa soya. Biofix, unga wenye bakteria hao, inatengenezwa hapa hapa Nakuru. Inunue karibu na siku ya kupanda na uiweke mbali na joto. Lowesha mbegu kidogo kwa gundi inayokuja na pakiti, mwaga unga, geuza taratibu kwenye karai hadi kila punje ivae weusi. Fanyia kivulini, panda siku hiyo hiyo, fukia mara moja. Jua linaua bakteria. Baada ya wiki kama 6, ng'oa mche mmoja kwa jembe, upasue kinundu cha mzizi kwa kucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, soya yako inategemea mbolea tu. Udongo wenye asidi nyingi, wenye pH chini ya 5.5, upewe chokaa wiki kadhaa kabla, na fosforasi isikosekane wakati wa kupanda.

Mistari sasa. Mpangilio wa MBILI, uliozoeleka Bungoma, unafaa: mistari miwili ya mahindi iliyoachana sentimita 50, kisha nafasi ya mita 1 yenye mistari miwili ya soya, ili ipate jua. Kwa wa Busia na Siaya wanaosumbuliwa na kayongo (striga), gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kuna nyongeza: mizizi ya soya huchochea mbegu za gugu hilo kuota bila kupata mahindi ya kunyonya, zikafa.

Shimo la saileji lipimwe kabla ya kupanda. Ng'ombe mmoja akipewa kilo 30 za saileji kwa siku, kwa miezi 3 ya kiangazi anakula kilo 2,700. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa vizuri hubeba kama kilo 600, basi ni karibu mita 4.5 za ujazo kwa kila ng'ombe. Soya ina sukari kidogo na haichachuki vizuri peke yake, kwa hiyo isizidi theluthi moja ya uzito. Wapo wanaoongeza yuria kwenye saileji ya mahindi. Penye soya mbichi usiiguse, hugeuka amonia haraka. Mwenye mashine ya kukata mkubaliane naye mapema, na nailoni ya kufunikia shimo iwe nyumbani tayari, kwa sababu wiki mahindi yako yanapofika ndiyo wiki ya jirani zako wote.